Mtoto Akitapika: Wakati wa Kufuta kwa Leso na Wakati wa Kukimbilia Hospitali

Haya ni mazungumzo ya afya yaliyotayarishwa kusomwa katika kliniki za watoto, mabaraza ya machifu na mikutano ya wahamasishaji wa afya ya jamii. Mhudumu anaweza kuyasoma yote mara moja au kuyagawa kwa siku mbili za kliniki.



Hakuna nyumba yenye mtoto wa mwezi mmoja isiyokuwa na leso iliyoganda maziwa begani. Mtoto mchanga hunyonya, hucheua, hulala, kisha huamka na kuanza upya. Mara nyingi jambo hilo halina neno. Lakini yapo matapishi ambayo ni taarifa ya ugonjwa, na yapo mengine yasiyosubiri hata asubuhi. Mazungumzo haya yana lengo moja: kila atakayetoka hapa aweze kutofautisha hayo matatu, na ajue la kufanya katika kila moja.

Mfano wa kuanzia ni wa kutungwa, ila mambo yake yanafahamika katika kliniki nyingi za Pwani. Mama mmoja kijana alijifungua mtoto wake wa kwanza, mvulana wa kilo 3.2. Wiki mbili za mwanzo zilikwenda vizuri. Kliniki ya wiki ya pili mizani ilisoma kilo 3.5. Wiki ya tatu mtoto akaanza kutapika kidogo baada ya kunyonya. Wiki ya nne ikawa karibu kila akinyonya. Ilipofika wiki ya tano, maziwa yalikuwa yakiruka kutoka mdomoni, yanapita leso na kuanguka sakafuni.

Nyumbani maneno hayakukosekana. Mama mkwe alisema, "Mwanangu, maziwa yako yameingia joto. Mtoto hayataki." Jirani akanong'ona kwamba hiyo ni chirwa, yaani kuna mzazi aliyetoka nje ya ndoa. Mwingine akaleta habari ya fundi anayekata kimeo. Baba wa mtoto, aliyekuwa kazini Mombasa, alipigiwa simu akaelezwa yote, akanyamaza. Mama akanunua chupa ya dawa ya tumbo dukani, akampa mtoto siku nne. Mtoto aliendelea kutapika, na kila alipotapika alilia akitaka titi tena.

Tutarudi kwa mama huyo baadaye. Kwanza yafaa kujua ni lini hakuna haja ya hofu.

Kucheua kwa kawaida

Kucheua na kutapika ni vitu viwili. Mtoto akicheua, maziwa hurudi taratibu, mara nyingi pamoja na hewa, yakamiminika pembeni mwa mdomo. Mtoto hana habari, pengine anacheka. Akitapika, tumbo hukaza, uso hukunjamana, na kilichomo hutoka kwa nguvu.

Sababu ya kucheua ni umbo la mtoto mwenyewe. Mahali bomba la chakula linapoungana na tumbo pana msuli unaofanya kazi kama kamba ya mdomo wa mfuko. Kwa mtu mzima kamba hiyo imekaza. Kwa mtoto bado imelegea. Isitoshe, tumbo lake ni dogo, chakula chake chote ni maji maji, na sehemu kubwa ya siku yuko chali. Mfuko wa aina hiyo ukijazwa na kulazwa, lazima umwagike kidogo.

Angalau watoto 40 katika kila 100 hucheua kwa namna hii. Kwa kawaida huanza kabla ya mtoto kutimiza wiki 8, huzidi akikaribia miezi minne, kisha hupungua anapoanza kuketi na kula vyakula vigumu. Kati ya kila 100 wanaocheua, 90 huwa wameacha kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Wapo wachache wanaocheua mara sita au zaidi kwa siku na bado wana afya njema.

Wazazi wengi huogopeshwa na wingi. Mtu akitaka kuhakikisha, amwage kijiko kimoja cha maziwa juu ya leso kavu. Ataona doa linalofanana na kikombe kizima. Kwa hiyo doa kwenye leso si kipimo. Vipimo ni vitatu, na kila nyumba inavyo.

Cha kwanza ni uzito. Mtoto hupungua kidogo siku za mwanzo baada ya kuzaliwa, lakini kufikia wiki ya pili huwa amerudia uzito wake. Baada ya hapo, katika miezi mitatu ya kwanza, huongeza kati ya gramu 20 na 30 kwa siku. Ndiyo sababu muuguzi hupima na kuandika katika kijitabu cha afya ya mama na mtoto. Mstari ukipanda, mtoto anayecheua hana shida.

Cha pili ni mkojo. Mtoto aliyepita wiki moja na anayenyonya vizuri hulowesha nepi sita au zaidi kwa siku, na mkojo wake hauna rangi kali.

Cha tatu ni hali yake. Akiwa macho anaangalia, anachezesha miguu, ananyonya kwa nguvu, na baada ya kucheua anatulia. Mtoto mwenye haya matatu atafutwe mdomo, abadilishwe nguo, basi.

Kumsaidia mtoto anayecheua

Anayecheua sana anaweza kusaidiwa bila dawa yoyote.

Ananyonyaje? Mdomo ushike sehemu kubwa ya weusi wa titi, siyo chuchu peke yake. Akishika chuchu tu humeza hewa nyingi, na hewa ikipanda hupanda na maziwa. Muuguzi wa kliniki au mhamasishaji wa afya anaweza kumwonyesha mama namna ya kumweka. Hilo ni jambo la dakika tano, na si aibu kuuliza hata kwa mama wa watoto watatu.

Anyonyeshwe mara nyingi, kidogo kidogo, kabla hajafikia kulia kwa njaa. Mtoto aliyekwisha kulia humeza hewa na kunyonya kwa pupa. Katikati ya kunyonya na akimaliza, awekwe wima begani, mgongo usuguliwe polepole mpaka hewa itoke. Abaki wima kwa muda wa dakika 20 hadi 30. Hapa ndipo akina baba, nyanya na dada wanaweza kumpokea mtoto ili mama apumzike au ale.

Asifungwe mgongoni kwa leso mara tu baada ya kunyonya, kwa maana tumbo litabanwa. Nepi na mikanda ya nguo isikaze tumboni.

Wakati wa kulala, alale chali, juu ya godoro gumu, bila mto. Wazee wengi huogopa kwamba mtoto akicheua chali atapaliwa, hivyo humlaza kifudifudi au ubavu. Hofu hiyo inaeleweka, lakini mwili umeumbwa vinginevyo. Mtoto akiwa chali, njia ya hewa huwa juu na njia ya chakula huwa chini yake, kwa hiyo maziwa yanayorudi hayaelekei kwenye hewa. Akilala kifudifudi mambo hugeuka, na hatari ya kufa ghafla usingizini huongezeka.

Kwa mtoto anayepewa maziwa ya kopo kwa ushauri wa daktari, vipimo vifuatwe kama vilivyoandikwa. Kijiko kiwe sawa, kisirundikwe. Kuzidisha unga ili ashibe humtapisha na kumkausha maji. Kuzidisha maji ili kopo lidumu humnyima chakula. Kikombe kisafi ni salama kuliko chupa, maana chupa ni ngumu kuosha vizuri, na uchafu wake huleta kutapika kwa aina nyingine kabisa. Maziwa yaliyobaki baada ya mtoto kula yamwagwe.

Yasiyofaa kufanywa

Yako mambo ambayo hufanywa kwa nia njema na ambayo huumiza watoto.

Kukata kimeo. Kimeo, au kilimi, ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya koo. Kila mtu anacho. Hakisababishi kutapika. Kukikata kwa wembe au kisu cha fundi kumewaletea watoto kutokwa damu nyingi, pepopunda na maambukizi ya damu, na baadhi yao hawakurudi nyumbani. Mtoto aliyekuwa na tatizo la tumbo hubaki nalo, na sasa ana jeraha kooni linalomzuia kunyonya.

Kung'oa vinavyoitwa meno ya plastiki. Vile vyeupe vinavyoonekana ndani ya ufizi ni meno ya kawaida yanayojitayarisha kutoka. Kuyachokoa ni kumtia mtoto maumivu, damu na wadudu, na baadaye meno yake ya ukubwani huota yakiwa na kasoro.

Dawa za dukani, mitishamba na maji ya sukari. Mtoto wa chini ya miezi sita anahitaji maziwa ya mama peke yake, na dawa aliyoandikiwa na mhudumu wa afya tu. Dawa za kuzuia kutapika wanazopewa watu wazima zinaweza kumlegeza au kumtetemesha mtoto mchanga. Ubaya mwingine wa chupa ya dukani ni kwamba inakula siku. Siku nne za kungoja dawa ifanye kazi zinaweza kuwa ndizo siku nne zilizohitajika.

Uji wa mapema. Wapo wanaompa mtoto wa miezi miwili uji mzito wakisema utatulia tumboni. Tumbo lake halijawa tayari, na kijiko na kikombe cha uji huingiza vijidudu.

Kumwachisha titi. Maziwa ya mama hayaingii joto, hayachachi kifuani, wala hayaharibiki kwa ugomvi, kwa jua au kwa kazi ya shamba. Mama akiwa na homa ya kawaida au kuhara, aendelee kunyonyesha.

Na la mwisho ni lawama. Katika baadhi ya vijiji mtoto akidhoofika huambiwa ana chirwa, na macho yote humgeukia mama. Matokeo yake ni kwamba mama huona haya kumleta kliniki, kwa kuwa kumleta ni kama kukiri kosa. Mtoto anayekonda ana sababu iliyo mwilini mwake mwenyewe, na sababu hiyo hupimwa kwa mizani, kipimajoto na macho ya mhudumu. Heshima ya ndoa ya watu izungumzwe mahali pake. Mtoto apelekwe hospitali kwanza.

Dalili zisizongoja

Sasa ni sehemu ambayo yafaa isikilizwe mara mbili.

Rangi ya kijani. Matapishi ya kijani kama majani, au manjano iliyokolea kuelekea kijani, ni nyongo. Kwa mtoto mchanga huweza kuwa ishara kwamba utumbo umeziba au umejisokota. Utumbo uliojisokota hukosa damu, na ukikosa damu huanza kufa kwa saa chache. Mtoto wa aina hii hapelekwi kesho. Anapelekwa sasa hivi, hata ikiwa ni saa nane ya usiku, na hospitali yenye uwezo wa upasuaji. Mama ahifadhi kile kitambaa kilicholowa matapishi aende nacho, daktari aione rangi kwa macho yake.

Damu. Matapishi yenye damu nyekundu, au yenye rangi ya masimbi ya kahawa, yapelekwe hospitali. Wakati mwingine damu ni ya chuchu ya mama iliyopasuka, lakini mhudumu ndiye wa kuamua hilo.

Kuruka kwa nguvu baada ya kila kunyonya, hasa kati ya wiki ya pili na ya nane. Hii ni dalili ya kukaza kwa mlango wa chini wa tumbo, ule unaopitisha chakula kuingia utumboni. Msuli wa mlango huo hunenepa mpaka maziwa hayapiti. Hutokea zaidi kwa wavulana, na zaidi kwa wazaliwa wa kwanza. Matapishi huwa meupe, hayana kijani. Mtoto akishatapika huwa na njaa na hutaka titi hapo hapo. Choo na mkojo hupungua, uzito hushuka, na wakati mwingine tumbo huonekana likifanya mawimbi kutoka kushoto kwenda kulia baada ya kunyonya.

Tumbo kuvimba na kuwa gumu, au mtoto kutopata choo. Mtoto aliyezaliwa karibuni anatakiwa kutoa kile choo cheusi cha kwanza ndani ya siku moja. Asipokitoa, huku anatapika na tumbo limejaa, muuguzi aambiwe bila kuchelewa. Vilevile uvimbe mgumu kwenye kinena, unaouma na usiorudi ndani, ukiambatana na kutapika, ni ngiri iliyobanwa.

Kilio cha vipindi na choo chenye damu. Mtoto wa miezi mitatu na kuendelea, hasa kati ya miezi mitano na tisa, anaweza kulia ghafla kwa maumivu huku akikunja magoti tumboni, kisha akatulia na kulegea, kisha akaanza tena. Hutapika, na baadaye choo chake hutoka na damu na ute mwekundu. Sehemu moja ya utumbo imeingia ndani ya nyingine. Wengine hudhani ni amiba, wakanunua dawa. Hii ni dharura.

Homa au ubaridi. Kwa mtoto wa chini ya miezi miwili, joto la 37.5 au zaidi, au mwili baridi chini ya 35.5, ni dalili ya hatari. Kutapika kwa mtoto mchanga kunaweza kuanzia kwenye maambukizi ya mkojo, ya damu, ya mapafu au ya utando wa ubongo, wala tumbo lisihusike. Utosi uliovimba, shingo ngumu, kilio chembamba kisicho cha kawaida, kupumua mara 60 au zaidi kwa dakika, au mbavu kuingia ndani anapovuta pumzi, yote hayo yapelekwe hospitali.

Kutapika kila kitu, kushindwa kunyonya, degedege, kulegea au kutoamka. Hizi ndizo dalili kuu za hatari kwa mtoto yeyote, na hazina mjadala.

Kuanguka. Mtoto aliyeanguka kitandani au kugongwa kichwa kisha akaanza kutapika apimwe siku hiyo hiyo, hata kama haonekani na jeraha.

Kutapika pamoja na kuhara

Hii ndiyo aina ambayo wazazi wengi wataiona, hasa mvua zinapoanza na visima kuchafuka. Hatari yake ni kukauka kwa maji mwilini, na mtoto mdogo hukauka upesi kuliko mkubwa kwa kuwa akiba yake ni ndogo.

Dalili za kukauka ni utosi kubonyea, macho kuingia ndani, mdomo mkavu, mkojo kukosekana kwa saa sita au zaidi, na ngozi ya tumbo kurudi polepole ikishikwa kwa vidole viwili na kuachiliwa.

Mtoto wa chini ya miezi miwili aletwe kituoni moja kwa moja. Kwa aliye mkubwa zaidi, matibabu huanza nyumbani huku safari ya kituoni ikipangwa. Titi liendelee, mara nyingi zaidi kuliko kawaida, kwa muda mfupi mfupi. Juu yake apewe maji ya ORS, yanayopatikana bila kwenda mbali, hata kwa mhamasishaji wa afya wa kijiji. Pakiti isomwe kwanza, kwa sababu zipo za nusu lita na zipo za lita moja. Maji yawe yamechemshwa na kupoa. Isiongezwe sukari wala chumvi. Kilichochanganywa kitumike ndani ya saa 24, kisha kinachobaki kimwagwe.

Siri ya ORS ni kijiko. Mama akimpa mtoto kikombe kizima kwa pupa, chote kitarudi. Ampe kijiko kimoja, angoje kidogo, kingine tena. Akitapika, mama asubiri dakika 10, aanze upya polepole zaidi. Wengi huacha mara ya kwanza mtoto anapotapika wakisema dawa imekataa. Haijakataa, sehemu yake imekwisha kuingia mwilini.

Mtoto anayehara hupewa pia zinki kwa siku 10 hadi 14: miligramu 10 kwa siku kwa wa chini ya miezi sita, na 20 kwa aliyepita hapo. Kozi imalizwe hata kuhara kukikoma mapema.

Kinga yake inajulikana. Chanjo ya rota, ambayo ni matone ya mdomoni, ilianza kutolewa nchini Kenya Julai 2014, na dozi ya kwanza hutolewa mtoto akiwa na wiki sita. Haizuii kila kuhara, lakini hupunguza ule ukali unaolaza watoto hospitalini. Juu ya hapo kuna sabuni: baada ya choo, baada ya kubadilisha nepi, na kabla ya kumshika mtoto wa kunyonya.

Safari ya hospitali

Watoto wengi huchelewa njiani kuliko wanavyochelewa mikononi mwa daktari. Kwa hiyo safari ipangwe mtoto angali mzima.

Nyumba yenye mtoto mchanga iwe na namba ya mtu wa bodaboda au gari anayekubali kutoka usiku, na pesa kidogo za nauli zisizoguswa. Wazazi wajisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, kwa kubonyeza *147#, na mtoto aongezwe kama mtegemezi akishapata hati zake. Lakini mtu asikae nyumbani kwa sababu hajajisajili: Katiba, Kifungu cha 43, inasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura.

Baba akiwa mbali, makubaliano yafanywe mapema kwamba mama hahitaji kungoja ruhusa ya simu ili ampeleke mtoto mgonjwa. Hili linaonekana dogo. Usiku wa matapishi ya kijani, ndilo linalookoa.

Mhamasishaji wa afya ya jamii ni jirani wa kwanza kugongewa mlango. Ana kipimajoto na mizani, na anajua dalili za hatari. Hata hivyo, dalili ikiwa ni mojawapo ya zile zilizotajwa, atafutwe huku safari ikiendelea, asingojewe.

Mama akifika, aeleze mambo matano: yalianza lini, hutoka mara ngapi, yana rangi gani, hutoka kwa nguvu au humiminika, na mtoto hutaka kunyonya baadaye au hulegea. Aje na kijitabu cha kliniki, na ataje kila dawa aliyompa mtoto, pamoja na mitishamba. Hakuna wa kumgombeza. Mhudumu anataka kujua tu ili asimpe kitu kitakachogongana nayo.

Njiani mtoto afunikwe asipate baridi, na abebwe kifuani mahali mama anapoweza kumwona uso, siyo mgongoni. Kama ananyonya, aendelee kunyonya, isipokuwa anatapika kijani au tumbo limevimba. Huyo anyamazishwe kwa kubembelezwa mpaka daktari aseme.

Yule mama wa kwanza

Siku ya kliniki mizani ilisoma kilo 3.4. Mtoto wa wiki tano alikuwa chini ya uzito wake wa wiki ya pili. Muuguzi hakuuliza habari za ndoa. Aliuliza, "Mama, yana rangi gani?" Meupe. "Yanaanguka wapi?" Sakafuni. "Akishatapika, anataka titi ama analala?" Anataka titi, tena kwa hasira.

Muuguzi alimwomba anyonyeshe pale pale, akatazama tumbo la mtoto likifanya wimbi, kisha akaandika barua ya rufaa. Siku hiyo hiyo mtoto alifika hospitali ya rufaa. Picha ya mawimbi ya sauti ilionyesha msuli ulionenepa. Kwanza aliwekewa maji ya mshipa mpaka chumvi za mwili zikakaa sawa, kwa sababu kumpasua mtoto aliyekauka ni hatari kuliko kungoja siku moja. Kisha akafanyiwa upasuaji mdogo wa kuuchana ule msuli ili mlango ufunguke. Ni upasuaji unaojulikana kwa zaidi ya miaka 100, tangu enzi ya daktari Mjerumani Conrad Ramstedt, na mtoto akiwahi, hupona kabisa. Saa chache baadaye alianza kunyonya. Maziwa yalikaa.

Maziwa ni yale yale aliyoambiwa yameingia joto.

Mama mkwe alikuwa wodini kumpokea mtoto mama alale. Baba alishuka kutoka Mombasa na basi la usiku. Hakuna aliyetaja chirwa. Jambo moja tu lilibaki la kusikitisha: zile wiki mbili mtoto alizokuwa na njaa huku watu wazima wakitafuta wa kumlaumu. Zingekuwa wiki nne, habari ingekuwa nyingine.

Wahenga walisema, chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Mtoto anayecheua, ananenepa na anacheka, afutwe kwa leso. Anayehara na kutapika apewe kijiko baada ya kijiko na aonwe na mhudumu. Anayetapika kijani, anayetapika damu, anayerusha maziwa kila akinyonya, mwenye homa akiwa hajafikisha miezi miwili, asiyeweza kunyonya au asiyeamka, apelekwe hospitali sasa hivi, na maneno yasubiri nyumbani.

Wenye maswali wabaki. Wenye watoto wanaocheua wapange foleni ya mizani kwanza.